Jina Katika Ukurasa wa Leo

Natangaza rasmi, mbele ya walimwengu wote, kwamba mimi ndiye mwandishi mkuu wa milima ya Norwe. Kazi yangu yote ni mstari mmoja, tena niliuiba.

Hotelini kwa shangazi, kila anayekwenda mlimani huandika kitabuni jina na njia atakayopita, ili asiporudi ijulikane pa kumtafuta. Likizo ya Pasaka ilinichosha. Kabla ya kifungua kinywa nikafungua kitabu cha zamani, nikanakili jina moja kwa mwandiko uleule, nikaliweka katika ukurasa wa leo wa kitabu kipya: Torleif Haugsbø, njia ya barafuni. Nilitaka tu shangazi amtafute mgeni hewa.

Mama mmoja, aliyefika jana peke yake, akasimama mbele ya kitabu. Kidole chake kilipita juu ya ile T, polepole, mara mbili.

“Ametoka saa ngapi huyu?”

“Nani, mama?”

“Mume wangu!” Alikuwa akicheka na kulia. “Miaka kumi na moja wananiambia alifia kwenye barafu hiyo. Na mwandiko wake si huu hapa?”

Akaanza kufunga buti, akiruka matundu ya kamba. Nje, dhoruba ya theluji ilikuwa imeficha hata mlingoti wa bendera.

“Mama, subiri kwanza itulie.”

“Nisubiri tena? Hebu nipishe, kijana.”

Nikanyoosha mkono kumzuia. Akautazama. Vidole vilikuwa na wino mbichi.

“Ni mimi,” nikasema. “Niliyeandika ni mimi.”