Vijiti vya Mbweha

Usinikunjie uso, wewe! Sijasema hata neno moja, na ushaanza kubisha. Kaa kimya usikie.

Mji wa wanyama ulibakiwa na uwanja mmoja tu usiojengwa, na humo Bi Nungunungu alikuwa na shimo lake na wanawe watatu. Siku moja akaja Mbweha wa ofisi ya ardhi, mpole kama mtu aliyekuja kuposa.

"Wakazi wangu, hatutaki kuwaamulia. Kila mmoja achomeke kijiti pale anapotaka pasiguswe."

"Tumeulizwa, mama!" Kanga akamwambia Bi Nungunungu. "Lini tuliwahi kuulizwa?"

Bi Nungunungu akachomeka chake mlangoni pa shimo, mahali ambapo hata masika hapaingii maji. Kanga akachagua penye kivuli, na Chura akaonyesha chemchemi yake.

Kesho yake Mbweha akazungushia ua penye vijiti vyote, ili Chui, mkubwa wake, ajengewe nyumba. Shimo likafukiwa.

"Si tulisema pasiguswe?" Bi Nungunungu akamvaa.

"Bibi yangu, mimi mgeni hapa. Ningejuaje pakavu ni wapi na maji yako wapi? Mmetusaidia sana."

Wiki ile ile akawaita tena, safari hii kwenye banda la ofisi yake, wachague rangi ya ua. Kanga akawahi kuinua bawa: "Kijani, mheshimiwa!"

"Chagua, mwanangu," Bi Nungunungu akamwambia. "Chagua na sufuria atakayokupikia."

Akawatanguliza wanawe wasio na pa kulala, akatoka, akawafungia mlango waliobaki ndani na Mbweha.