Asubuhi Ambayo Sikufagia

Kengele ya mlango ililia saa nne kamili, na mimi bado nina ufagio mkononi.

Mwaka jana, afisa wa misaada ya walemavu alipokuja hapa kwetu Seven Hills, mtaa tunaoishi ughaibuni, nilidamka nikapiga deki nyumba nzima. Nikamvalisha mume wangu Nehemia shati la kanisani, nikamfunga vifungo vyote saba, maana MS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, umemlegeza vidole. Nikakaanga na maandazi. Afisa alipouliza tunaendeleaje, nikajibu nilivyolelewa: "Tunamshukuru Mungu."

Akaandika kwamba familia inajiweza. Msaidizi hatukupewa, na mgongo wangu haujanyooka tangu siku hiyo.

Sasa Nehemia alikuwa ameketi kitandani, shati wazi, uji umemmwagikia kifuani. Nikainama nimfunge kifungo cha kwanza. Akaukamata mkono wangu kwa vidole vyake vinavyotetemeka.

"Acha, mke wangu. Mgeni na aone."

Nikauegemeza ufagio ukutani, nikaruka rundo la nguo chafu sebuleni, nikafungua mlango. Afisa akatabasamu, akauliza tunaendeleaje.

"Vibaya sana," nikasema, nikahisi kama nimetua gunia la mahindi. "Karibu ndani."