Laini ya Akiba

Tunduma, Jumatano, 12 Februari 2025. Manyunyu na ukungu tangu alfajiri.

Kabla ya upasuaji wake huko Dar, mke wangu Enesi alitaka kunisikia nikiahidi, mbele ya wazee wa kanisa waliokusanyika nyumbani kwetu, kwamba binti yetu hataachishwa shule hata yeye asiporudi. Tulipoanza kuonana kwa video, intaneti ya nyumbani ikakatika. Nikawasha ruta yenye laini ya akiba. Taa ikawa ya kijani, lakini simu haikuita.

"Shemeji, imenasa mtandao wa Zambia," mdogo wake Enesi akasema. "Bando letu halivuki mpaka."

Nikaomba moyoni huku nikiutafuta mtandao wetu. Hatimaye nesi akapokea.

"Ameshaingizwa chumba cha upasuaji, baba."

Nyuma yake kwenye skrini, mto wa kitandani ulikuwa bado na kibonyeo cha kichwa.

Nikasimama. "Wazee wangu, shemeji, mnisikie. Binti yangu hataachishwa shule."