Mabafu Mawili

Somo la kwanza la baiolojia lilimpa kila binadamu mabafu mawili, moja kulia na jingine kushoto. Ramla aliandika kama alivyosikia, kisha akacheka peke yake. Mwalimu Warfa alikuwa anasema mapafu.

Warfa alifundisha akiwa Garissa, kwa redio ya kuongea kama ile ya polisi. Wanafunzi wake walikuwa wahudumu wa afya waliotawanyika kuanzia Dagahaley hadi karibu na mpaka: Wasomali, Waborana, na Mpokomo mmoja. Kwa sababu hiyo shirika lililoendesha kozi liliamuru Kiswahili kitupu hewani. Kiswahili cha Warfa hakikuwa na p wala v, mdomoni wala sikioni. Mtoto tumboni alilishwa kupitia "kitofu", na jibu sahihi lilikuwa "fizuri".

Ramla naye alikua akisema hivyo hivyo. Wasichana wa shule ya bweni huko Machakos walimcheka muhula mzima, mpaka p na v zikamkaa mdomoni.

Mwanzoni mwa kozi alibonyeza kitufe kila mara kuomba Mwalimu arudie. Muslimo wa Dagahaley, ambaye hakuwahi kuvuka Garissa, alikuwa akimdakia.

"Dada wa Machakos, leo tena umepotelea bafuni? Ova."

Vituo vyote vilicheka. Ramla akaacha kuuliza. Sikio lake lilizoea kurekebisha lenyewe: b ikawa p, f ikawa v, kabla neno halijafika kwenye kalamu. Kozi ilipofika nusu, Warfa alimtaka kila mmoja aeleze maendeleo yake. Ramla alisema kwamba zamani alihitaji kurudiwa, na sasa anaelewa mara moja. Warfa akamsifu mbele ya wote.

Mtu wa kwanza ambaye Ramla alimpima nje ya darasa alikuwa Weris, mke wa kaka yake. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kila asubuhi ya somo alikuja kukaa kwenye mkeka wa kliniki ya Ramla, chumba kimoja cha mabati kaskazini ya Wajir, akisikiliza sauti kutoka kwenye redio na kula tende.

"Abaayo, dada yangu, mmefika tumboni?" aliuliza. "Au bado mko kichwani? Huyu hatawangoja."

Hakuwangoja. Mvua za mwaka 1997 zilikuwa zimegeuza njia ya Wajir kuwa ziwa. Abdiwahid, mume wa Weris, alikuwa amekwama upande wa pili wa maji pamoja na ngamia wake. Mkunga mzee naye alikuwa huko. Uchungu ulianza alfajiri, na somo lilipofunguliwa asubuhi kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana.

Ramla aliomba nafasi hewani. Warfa alinyamazisha vituo vingine. Aliwahi kuwa muuguzi, na aliongoza bila haraka: mkono uwekwe wapi, Weris asukume lini, apumzike lini. Mtoto alitoka akilia. Msichana. Weris aliinua kichwa akamtazama, akasema pua ni ya Abdiwahid, maskini.

Kondo la nyuma lilikuwa bado ndani. Ramla aliripoti, kisha akaachia kitufe asikilize. Redio ilikwaruza.

"Fizuri. Sasa futa kitofu, bole bole. Kisha ufunge, ukate. Rudia. Ova."

Sheria ya redio ilikuwa hivyo: kila agizo lirudiwe, ili aliyelitoa athibitishe kwamba limefika.

"Navuta kitovu, polepole. Kisha nafunga, nakata. Ova."

"Habo sawa."

Ramla aliushika ule uzi wa kitovu, akavuta polepole. Ulikataa. Akauzungushia mkononi na kuvuta tena, kwa nguvu ile ile, bila kushtua. Weris alipiga ukelele mmoja. Kilichofuata kilikuwa damu, na haikuja kidogo kidogo.

Warfa alisema akande tumbo. Ramla alikanda. Alisema mtoto awekwe kwenye titi, na Ramla akamweka. Weris aliomba maji, akanywa, akauliza kama mvua imeanza tena, maana hasikii vizuri. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Abdiwahid alifika maji yalipopungua. Alikaa na dada yake nje ya kliniki, akamtaka amweleze yote, na Ramla alimweleza kila hatua kwa mpangilio wake. Abdiwahid alisema kwamba Mungu ndiye mpaji na mchukuaji, na kwamba bila mtu aliyesoma angewazika wawili. Akampa mtoto jina la Ramla.

Somo lililofuata, Warfa hakufundisha. Alituma salamu za rambirambi, na vituo vyote, kimoja baada ya kingine, vikasema inna lillahi. Muslimo alisema kwamba kama angekuwa yeye mahali pale angekimbia, na kwamba hatamtania dada wa Machakos tena. Warfa aliwaambia wanafunzi wote kwamba Ramla alifanya kila kitu kama alivyoelekezwa, na kwamba damu kama ile huweza kuja hata mikononi mwa daktari. Ramla alilia, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha alijipangusa, akabonyeza kitufe, akashukuru.

Warfa aliuliza habari za mtoto. Ramla alijibu kwamba ananyonya maziwa ya mbuzi, hana homa, na kitovu kimekauka bila usaha.

"Fizuri sana," alisema Warfa. "Basi kile kitambaa ulichofutia kitofu, ulikichemsha kwanza? Ova."

"Kitambaa gani, Mwalimu?"