Konrodi ya Tatu

Konrodi ya tatu, mkono wa chuma unaobeba pistoni, ilikuwa haijafika ukingoni mwa silinda, lakini Mzee Raphael alishaijua sauti itakayotoka. Ikatoka. Tik.

"Rudisha, Baba," Hilda alisema.

Raphael akarudisha spana taratibu, akazungusha upya. Injini ilikuwa imepinduliwa juu ya stendi, tumbo wazi. Konrodi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu: tik.

Hilda akashika kichwa. Bloku ile, bonge la chuma lenye silinda, ilikuwa ya injini ndogo, naye alikuwa ameifungia krenki ya injini kubwa, mhimili unaoendesha konrodi, ili pistoni zisafiri mbali zaidi na gari lipate nguvu. Shida ya krenki ya namna hiyo ni kwamba huzisukuma konrodi nje zaidi zinapozunguka. Zisipoachiwa nafasi, zinagonga ukingo wa chini wa silinda. Milimita moja na nusu ilitosha. Kwa miezi mitano binti huyo alikuwa akisaga na kupima, akisaga na kupima, katika gereji ya baba yake hapa Mkonze.

"Jana zilipita. Nilizipima mwenyewe, zote nne."

"Jana ulikuwa umechoka, mwanangu."

Khalidi, mjumbe wa timu ya magari ya mashindano ya Lusaka, aliangalia saa yake. Sharti alilokuja nalo lilikuwa moja: injini izungushwe kwa mkono mbele ya macho yake. Ikipita, inapakiwa pamoja na fundi aliyeifunga, na kazi ya kudumu inamngoja huko. Lori lilikuwa linanguruma nje. Begi la Hilda lilishapanda. Raphael mwenyewe ndiye aliyelibeba asubuhi na kulifunga kwa kamba.

"Hebu nijaribu mimi," Hilda alisema.

Akaishika spana. Tik. Akarudisha, akazungusha kidogo kidogo kama anayepapasa kidonda. Tik. Mara ya nne spana ikamponyoka, ikalia sakafuni.

"Kaka Khalidi, nakuomba. Mpigie bosi wako. Mwambie siku mbili tu."

Khalidi akatoka na simu. Walimwona kupitia mlangoni akisikiliza zaidi kuliko alivyosema, huku upepo ukimpeperushia vumbi la barabarani. Kisha akarudi ndani.

"Mzee, samahani. Wamekataa. Saa sita naondoka. Kuna fundi mwingine Mbeya, injini yake iko tayari. Nikikosa hapa, napitia kwake."

Zilibaki dakika arobaini.

Hilda aliichukua grenda ya kusagia chuma, akachomeka waya. Raphael akamdaka mkono kabla hajaiwasha, akambana kwa nguvu mpaka binti akaguna.

"Hapo chuma ni chembamba! Utatoboa njia ya maji, bloku nzima iwe chuma chakavu."

"Basi nifungue nitazame."

"Utazame nini? Ufungue, usage, uoshe kila chembe, ufunge tena. Kwa dakika arobaini?"

"Sasa nifanye nini, Baba? Niambie! Wewe ndiye uliyenifundisha. Niambie nifanye nini!"

Tangu mkewe Loisi azikwe mwaka juzi, nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Hilda akichelewa sokoni Majengo, Raphael hukaa kizingitini mpaka aione bajaji ikikata kona. Sasa binti alikuwa amesimama mbele yake, mikono imejaa oili hadi viwikoni, analia kama siku ile ya makaburini, na hapakuwa na mtu wa kumsaidia isipokuwa yeye.

"Kubali tu, mwanangu," alisema hatimaye. "Injini ikipasuka huko, ikaua dereva, utaishije?"

Hilo lilimmaliza. Hilda akaegemea ukuta, akateremka mpaka chini.

Khalidi alilishusha begi mwenyewe, akaliweka mlangoni kwa upole. Akampa Raphael mkono. "Baki salama, Mzee. Wazazi wengi wangefumba macho wakaniachia nipakie hivyohivyo." Raphael aliitikia kwa kichwa bila kumtazama. Lori likaondoka, likashika njia ya Iringa.

Hilda aliponyanyuka alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nimekuaibisha, Baba."

"Hujaniaibisha."

"Hata kupima sijui. Miaka yote hii, hata kupima sijui." Akalitazama lile begi. "Sitashika tena spana."

"Kapumzike. Leo nitapika mimi."

Alilibeba begi, akavuka uwanja kuelekea nyumbani. Raphael alisubiri mpaka aliposikia mlango wa chumba cha binti ukifungwa. Ndipo alipoinama juu ya injini, akapenyeza vidole viwili kwenye ukingo wa silinda ya tatu, akabandua kipande cha bati alichokibandika mwenyewe alfajiri.