Kiti cha Marehemu Mwanahawa

Wallahi haya ni kweli tupu, anayebisha aje akione kiti. Siku hizi nyumba huendeshwa kama kampuni: kifaa kisichotumika siku tisini hubebwa na wakaguzi. Kila mwezi naandika kwenye ripoti kwamba kiti cha marehemu mke wangu nakikalia mimi, tena nikila ngisi.

Jana mjukuu wangu Riziki, anayesomea uhasibu na uendeshaji wa biashara, alikuja kutukagua kwa mtihani wake. Akauinamia mto wa sufi wa kile kiti, uliobonyea katikati.

“Babu, muongo wewe! Shimo hili ni la Bibi. Wewe huna makalio ya kuchimba hivi.”

“Nimekonda, mjukuu wangu.”

Hakucheka. “Kalia, Babu, nisaini kwamba kinatumika. La sivyo kesho wanakibeba.”

Nikakaa, akasaini. Nilipoinuka, shimo la Mwanahawa halikuwepo tena.