Nafasi ya Gari ya Tunu

"Mama, hata baiskeli hatuna!" Tunu alinifokea.

"Sheria haiulizi gari, inauliza nafasi," nilimjibu binti yangu. Kesho anatimiza miaka kumi na minane, na katika jengo letu mtu mzima asiye na maegesho yake ni mgeni. Mgeni haruhusiwi kulala humu. Nafasi moja siku hizi ina bei ya fleti. Sisi tunayo moja tu, yangu.

"Basi nitapanga chumba kule Chanika."

"Na kutoka mbali kote huko, chuoni utafika kwa mabawa?"

Nilishuka, nikaanua kanga zangu pale kwenye nafasi yangu, nikabonyeza kidole gumba kwenye kitambuzi cha ukutani kumhamishia Tunu, nafasi ikawa yake. Nilipoingia kwenye lifti, ambayo humsalimu kila mtu kwa hadhi yake, nilitaka kujua itaniitaje.

"Karibu, mgeni. Unakwenda kwa nani?"

"Kwa Tunu," nikasema. "Sikai sana."